Muuzaji Muislamu, unamwitaje mteja wako?

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Januari moja, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nilikwenda Kariakoo kumnunulia mwanangu sare za shule. Niliingia katika duka la kijana ambaye miaka kadhaa nyuma nilimfundisha sekondari somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Ni duka linalopendeza kulitazama. Ukutani imetundikwa Ayatul Kursiy, kwenye spika inasikika Qur'an, mwenye duka amevaa kanzu na kofia, na adhana ikilia anafunga mlango anakwenda msikitini. Moyoni nikasema alhamdulillah, kazi ya mwalimu haipotei.

Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja mtu mzima, rozari shingoni, kamshika mkono mjukuu wake. "Habari za leo, baba," alisalimia. Kijana hakuitika. Bibi akauliza bei ya gauni la sare, akatajiwa na mtu ambaye macho yake yako kwenye simu. Akaomba apunguziwe. Kimya. Akauliza kama lipo jingine la bei nafuu. Hapo kijana akainua uso akasema: "Bibi, kama huna hela pisha wenye hela."

Bibi yule hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mwanangu, nimekuuliza bei, sijakuomba." Akamvuta mjukuu wake, na alipofika mlangoni akageuka: "Niliambiwa hapa ni kwa watu wa dini."

Dakika ile ile kijana akanigeukia uso umemkunjuka. "Assalaam alaykum Ustadhi! Karibu sana, leo umetukumbuka!" Nikapewa kiti, nikapewa maji, na lile punguzo alilolikosa bibi nikapewa mimi bila hata kuliomba. Nami, Allah anisamehe, nikalipokea. Nilipopata akili ya kutoka nje kumtafuta, alikwishapotea katika watu.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya maneno yale ya mlangoni. Bibi hakusema kuwa kijana yule ni mbaya. Alisema juu ya dini, na dini ile ni yangu na yako.

Tamko ni nguzo

Usiku ule baada ya swala ya Isha nilirudi kuzungumza naye faragha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwa maneno yaliyoniingia: "Ustadhi, ulitufundisha nguzo za mauziano, nikazihifadhi na kwenye mtihani nikazijibu zote. Sipunji kipimo, sili riba, siuzi cha haramu. Hili la kumwita mteja hukutufundisha."

Amesema kweli. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: muuzaji na mnunuzi, bidhaa na thamani yake, kisha sigha, yaani tamko la kuuza na la kununua. Nilieleza kuwa wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamelihesabu tamko kuwa ni nguzo, kwa kuwa ridhaa ya moyoni haionekani mpaka ulimi uitoe. Nikaishia hapo. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu: ikiwa ridhaa ndiyo roho ya mauziano, mtu aliyefedheheshwa dukani anaridhia nini? Anaweza kutoa pesa kwa kuwa shule inafunguliwa kesho, lakini anaondoka na uchungu.

Sasa tukirejea katika mafundisho ya dini yetu tutaona kuwa namna ya kumwita mtu sokoni si jambo dogo lililosahauliwa. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa swahaba Qays bin Abi Gharaza (r.a) kwamba zamani wao wafanyabiashara wa Madina walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali. Siku moja Mtume (s.a.w) akawapitia sokoni, akawaita kwa jina lililo bora kuliko lile walilojiita wenyewe: jamaa wa wafanyabiashara. Kisha ndipo akawanasihi kuwa biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka.

Tuzingatie mpangilio wa kisa hiki. Alikuwa na jambo zito la kuwaambia, lakini alianza kwa kuwapandisha hadhi kwa jina zuri. Swahaba aliyesimulia alilikumbuka jina hilo pamoja na nasaha. Basi anayesema kuwa "mteja anataka bidhaa, hataki maneno" ajiulize kwa nini mtu mzima alilikumbuka neno moja la sokoni mpaka akalisimulia kwa vizazi.

Ni nani anayestahiki kauli nzuri?

Kijana wangu alikuwa na hoja ya pili. Bibi yule si Muislamu na hakutoa salamu ya Kiislamu, kwa hiyo, kwa kufahamu kwake, hakuwa na wajibu wa kumuitika. Hoja hii nimeisikia kwa wengi, na tuiangalie kwa utulivu.

Katika Suratul Baqara (2:83), Allah (s.w.t) anapotaja ahadi waliyochukuliwa Wana wa Israil, imo amri ya kusema na watu kwa wema. Neno lililotumika ni watu, halikubaguliwa kwa dini wala kabila. Katika Suratul Mumtahina (60:8) tumebainishiwa kuwa Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Naye Musa (a.s) na ndugu yake Harun walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa wamwambie maneno laini (20:44). Ikiwa Firauni aliyedai uungu alistahiki kauli laini, bibi anayemtafutia mjukuu sare amekosa nini?

Wapo waliomjia Mtume (s.a.w) wakaigeuza salamu kwa makusudi ili wamuombee mauti. Bi Aisha (r.a) akawarudishia kwa ukali. Mtume (s.a.w) akamtuliza, akamfundisha kuwa Allah anapenda upole katika mambo yote. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Hao walikuja na ubaya, na bado ukali haukuruhusiwa. Huyu wetu alikuja na "habari za leo". Ukiwa na msimamo kuhusu salamu ya Assalaam alaykum kwa asiye Muislamu, au huipendi "shikamoo" kwa sababu unazozijua, lugha yetu ni pana. "Nzuri mama, karibu" haivunji akida ya mtu. Kunyamaza mbele ya mtu mzima aliyekusalimia hakujawahi kuwa Sunna.

Jambo jingine lililonichoma ni ule uso kubadilika haraka alipoingia Ustadhi. Hapa ndugu zangu inabidi tuikumbuke Surat Abasa. Mtume (s.a.w) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makuraishi, akitaraji wasilimu, akaja kipofu Abdullah bin Ummi Maktum (r.a) akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso na kumpa mgongo, na aya zikateremka kumuonya. Kipofu yule hakuuona uso uliokunjwa, lakini Mola wake aliuona. Sasa sisi tunaomkunjia uso mwenye ndara na kumkimbilia aliyeshuka kwenye gari tunategemea nini?

Na kwa wanaodhani kuwa kumuitika mnyonge kunashusha hadhi, historia ya pwani yetu inatosha. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyejulikana kwa jina la Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa. Anasimulia kuwa Ijumaa moja Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha kwa kumwita jina. Sultani akamuitika kwa "labbaika" na kumuuliza haja yake. Fakiri akaomba nguo zile zile alizozivaa Sultani, na akapewa. Mtawala wa mji uliokuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu alisimama njiani akamuuliza fakiri, kwa maana yetu ya leo, "karibu, nikusaidie nini?" Sisi wenye fremu moja ya kupanga tunaona uzito.

Tuwaiteje?

Kiswahili kimetupa majina ya udugu ya kumuitia hata mtu tusiyemjua, na hiyo ni neema. Mama, baba, mzee wangu, shangazi, mjomba, dada, kaka, ndugu yangu, mwanangu. Ukimwita mtu kwa jina hilo umeshamuweka katika ukoo, na mtu wa ukoo hadhulumiwi. Hata hivyo yanahitaji busara. Binti wa miaka ishirini ukimwita "mama" huenda akanuna, na mwanamke wa makamo ukimwita "bibi" unamuongezea umri. Ukiwa na shaka, "dada" na "kaka" hazijawahi kumuudhi mtu, na "karibu ndugu mteja" inamfaa kila mmoja.

Yapo majina ya kuepukwa. La kwanza ni kumwita mtu kwa umbile au kabila lake: "we bonge", "we kipara", "zeruzeru", "oya Mmasai". Suratul Hujuraat (49:11) imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Muuzaji atasema ni utani. Utani una watani wake, wanaojuana na wanaoweza kujibu. Aliyekuja kununua sukari si mtani wako.

La pili ni "mpenzi", "mrembo", "baby" na "mchumba" wanazoitwa dada zetu na wauzaji vijana, wakati mwingine na kushikwa mkono juu. Haya yanaitwa uchangamfu wa biashara, lakini muulize dada anayepita mtaa wa maduka kila siku akuambie anavyojisikia. Muislamu ana mipaka ya kauli na ana mipaka ya mkono. "Karibu dada" inauza vizuri tu.

La tatu ni kumnyima mtu jina kabisa. Mtoto aliyetumwa dukani anasimama pale na sarafu zake mkononi, watu wazima wanahudumiwa juu ya kichwa chake. Anas bin Malik (r.a) aliwapitia watoto akawasalimia, akaeleza kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w). Mwambie, "Mwanangu, umetumwa nini?" na umhudumie kwa zamu yake.

Baada ya jina yanafuata maneno yenyewe. Wengi wetu hatutukani, tunakata tu. "Unataka nini?" inaweza kuwa "Karibu, nikusaidie nini?" "Hakuna" inaweza kuwa "Samahani, imetuishia, jaribu duka la jirani." "Sina chenji" inaweza kuwa "Nisubiri kidogo nikutafutie chenji." Maneno yanaongezeka mawili matatu, gharama haiongezeki hata shilingi. Na Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa neno jema ni sadaka, hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Tazama basi, katika saa moja ya dukani mtu anaweza kutoa sadaka nyingi, na mfuko wake haujaguswa.

Hata matangazo ya ukutani ni kauli. Mteja anaingia anapokelewa na "Kukopa harusi, kulipa matanga" na "Mali ikishauzwa hairudishwi". Sisemi muuzaji asijilinde. Lakini Abu Daud amepokea hadithi yenye bishara kwa anayekubali kurudishiwa bidhaa na mwenziwe aliyejuta kununua, kwamba Allah atamsamehe kuteleza kwake. Ukiandika "Tafadhali kagua bidhaa yako kabla hatujaagana" umejilinda na hujamfukuza mtu.

Nuksi ya asubuhi

Ipo kauli nyingine inayohitaji kusemwa wazi. Mteja wa kwanza asubuhi akiuliza bei akaondoka, wapo wanaomfuatilia kwa maneno: "Umenitia nuksi asubuhi yote." Wengine humwaga maji mlangoni. Ndugu Muislamu, hili limevuka adabu na limegusa akida. Mtume (s.a.w) ameikana imani ya mikosi, na akaeleza kuwa kinachompendeza ni bishara njema. Alipoulizwa bishara hiyo ni nini, akaifasiri kuwa ni neno zuri analolisikia mtu. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Kwa hiyo asubuhi yako haiharibiwi na aliyeuliza bei. Riziki iko kwa Allah, na neno zuri ulilomuaga nalo ndiyo bishara yako. Wahenga walishasema biashara haigombi.

Upole usiwe chambo

Nisije nikaeleweka kuwa nafundisha ulaghai wa ulimi. Wapo wenye "karibu mama yangu kipenzi", na chini ya ulimi huo kuna nguo ya kuchuja rangi. Wapo wenye "Wallahi nimekuuzia bei ya kununulia". Mtume (s.a.w) ametahadharisha kuwa kiapo kinaitoa bidhaa lakini kinafuta baraka, na alipoingiza mkono katika rundo la nafaka akakuta chini ni mbichi, alisema kuwa anayeghushi si miongoni mwetu. Kauli nzuri ya Muislamu ni ile inayoweza kusimama pamoja na ukweli. "Dada, hii itachuja, chukua ile" ni heshima kubwa kuliko "mrembo" mia.

Na mnunuzi je?

Kijana wangu hakuishia kujitetea, alilalamika pia, na malalamiko yake yana haki. "Ustadhi, tunaitwa 'we dogo', tunapigiwa miluzi, mtu anafika anasema 'nipe' kama anadai. Ukiwa na kanzu unaitwa Mpemba hata kama umezaliwa Tabora. Kutwa nzima hivyo, jioni na wewe unakuwa mkali."

Hili tulikubali na sisi wanunuzi. Katika hadithi ya Jabir (r.a) aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w) alimuombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Kununua kumetajwa waziwazi. Aidha alikataza mtu kumwita mtumwa wake kwa jina la utumwa, akaelekeza atumie maneno ya kijana wangu na binti yangu. Naye Anas (r.a), aliyemtumikia miaka kumi, ameshuhudia kuwa hakuwahi kuguniwa hata "uff". Ikiwa hiyo ndiyo lugha kwa aliyemilikiwa na kwa mtumishi, vipi kwa mtu huru anayekuuzia mkate? Jamii yetu imeweza kubadilisha "mama ntilie" kuwa "mama lishe", na kila anayepika pale barabarani anajua tofauti yake. Tuseme "naomba" badala ya "nipe", na tukihudumiwa tuseme "ahsante". Heshima si utumwa.

Lakini nilimwambia pia kuwa ukali wa mteja wa saa nne si deni la bibi wa saa kumi. Mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w) ngamia kwa maneno makali mpaka maswahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Huyo alikuwa mkali, na alijibiwa kwa wema.

Kufilisika kwa kweli

Mfanyabiashara hakuna neno analoliogopa kama kufilisika. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w) aliwauliza maswahaba zake muflisi ni nani, wakajibu kuwa ni asiye na pesa wala mali. Akawafahamisha kuwa muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, ilhali alimtukana huyu, alimzulia yule, alikula mali ya huyu na kumpiga yule. Mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakimalizika atabebeshwa madhambi yao.

Nilipofika hapo kijana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Sasa yule bibi nitampata wapi nimuombe radhi?" Sikuwa na jibu. Haki ya Allah mtu hutubia popote alipo, lakini haki ya mja inamtaka mja mwenyewe, na Kariakoo ni kubwa. Tulikubaliana amuombee dua, atoe sadaka, na asimpite mtu yeyote mwenye mtoto mkononi bila kumkaribisha. Mimi nami nilirudisha lile punguzo, likaingia kwenye gauni la mtoto mwingine ambaye mama yake alikuja siku ya pili amepungukiwa.

Darasani pia nimebadilisha somo. Nikimaliza nguzo za mauziano, nawaweka wanafunzi wawili mbele, mmoja nyuma ya meza na mwingine mbele yake, na ninamwambia wa nyuma ya meza: mwenzio ameingia na hana pesa za kutosha, mwite. Wengi wanacheka kwanza. Kisha wanatafuta neno.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi utafungua duka lako, ofisi yako au kibanda chako, na wa kwanza ataingia. Huenda ana fedha, huenda anauliza bei tu. Utamwita nani?

Wabillahi tawfiq.